Odio za WhatsApp za wazazi wa shule: namna ya kuzichunguza bila kunyoosha Kiswahili chao

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika sayansi za habari na mawasiliano, hapa Lubumbashi, Kongo (RDC). Memwari yangu, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, ni juu ya namna wazazi na walimu wa shule moja ya msingi katika komini ya Kenya (sehemu ya mji wetu, si nchi) wanavyoongea ndani ya kundi lao la WhatsApp. Maandishi ni machache, karibu wote wanatuma odio. Mimi nimo katika kundi kwa sababu mdogo wangu anasoma pale, na nimekwisha kupakua odio kama 1,400 za mwaka mzima. Nimeanza kuziandika, nimekwama: odio moja ya dakika mbili inanimalizia jioni nzima. Tena sijui niandike "batoto" kama wanavyosema ao "watoto" kama vitabu vinavyosema. Msimamizi wangu anasema Kiswahili hiki si safi, nikirekebishe kwanza. Nifanye nini? (Dada wa Katuba)

Jibu:

Dada, umeuliza juu ya uandishi, lakini kuna swali linalotangulia hilo. Wale wazazi wanajua kwamba sauti zao ziko katika kompyuta yako? Kama hawajui, simamisha kuandika leo hii. Usifute kitu, usisikilize zaidi, anza na ruhusa. Nitakueleza kwa nini jambo hili likikosewa linaweza kuangusha kazi yote siku ya utetezi wa memwari, kisha turudi kwenye "batoto".

Ruhusa

Kuwa ndani ya kundi kunakupa nafasi ya kusikiliza kama dada wa mwanafunzi. Hakukupi nafasi ya kumfanya mama wa mtu kuwa mfano katika sura ya tatu ya memwari. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 31, inalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Kanuni ya Dijitali, yaani Ordonansi-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, nayo imeweka masharti juu ya habari zinazomtambulisha mtu. Na sauti humtambulisha mtu kuliko jina lake: anayemfahamu akisikia sekunde tano tu, amekwisha kujua ni nani.

Mkurugenzi wa shule akikubali, amekufungulia mlango wa shule tu. Msimamizi wa kundi akikubali, amekubali kwa niaba yake mwenyewe. Kila mtumaji aulizwe peke yake. Njia inayofaa ni hii: mpelekee mkurugenzi barua ya ukurasa mmoja, kisha weka katika kundi odio ya sekunde 90 hivi, kwa Kiswahili kilekile cha kundi, ukitaja wewe ni nani, unachunguza nini, unataka odio za miezi gani, utaficha nini, na mtu akatae kwa njia gani. Usiweke karatasi ya Kifaransa iliyopigwa picha. Mzazi anayetuma odio mara nyingi ameichagua kwa sababu kusoma na kuandika kunamchosha, na ruhusa ya karatasi asiyoweza kuisoma si ruhusa.

Waombe wajibu kwako binafsi, wasijibu ndani ya kundi. Hili ni muhimu sana. Mzazi mwenye deni la shule hawezi kusema "hapana" mbele ya mwalimu wa mtoto wake, na wawili watatu wa kwanza wakisema "aksanti, hakuna shida", wote wanaofuata watavutwa na maji hayo. Anayekaa kimya amekataa. Aliyekwisha kuondoka katika kundi, odio zake hazitumiki, isipokuwa umtafute na umuulize.

Angalia pia simu za pamoja. Namba imeandikwa jina la baba, lakini anayeongea ni shangazi, na kesho ni mtoto wa miaka tisa anayeuliza kazi ya nyumbani. Ruhusa ni ya mwenye sauti. Odio ambamo mtoto ndiye msemaji, ziache kabisa, labda kama mzazi amekubali na mtoto pia amekubali kwa maneno yake. Mtoto anayesikika nyuma akilia au akicheza, andika tu "[mtoto nyuma]".

Utauliza: sasa zile 1,400? Una njia mbili. Ya kwanza, kuwaomba watu wakuruhusu kutumia odio za zamani. Faida yake ni kwamba waliongea bila kujua kwamba mtu anawachunguza, ubaya wake ni kwamba utapoteza wengi. Ya pili, kuanza upya tangu siku ya tangazo lako. Hapo ruhusa ni rahisi, lakini watu watajirekebisha ndimi kwa siku kadhaa, hivyo wiki mbili za kwanza uzitupe. Mimi ningechagua ya kwanza, hata kama zingebaki odio za watu kumi na wanane tu kati ya sitini. Na zile za waliokataa, hapo ndipo unazifuta.

Kutoa odio katika simu

Usinakili odio mojamoja kutoka folda ya simu. Tumia amri ya kuhamisha mazungumzo iliyo ndani ya WhatsApp yenyewe, uchague pamoja na media. Utapata faili moja ya maandishi yenye tarehe, saa, jina la mtumaji na jina la kila odio, pamoja na odio zenyewe, zinazoishia na .opus. Ukihamisha pamoja na media, WhatsApp inatoa ujumbe wa karibuni tu, kiasi cha 10,000. Kundi lenye maneno mengi halitoki lote kwa mara moja.

Faili ile ya maandishi inaficha mambo matatu ambayo kwa memwari yako ni dhahabu. Haionyeshi odio hii inajibu odio ipi, hata kama mtumaji aliivuta na kuijibu waziwazi. Haionyeshi kwamba odio ilirushwa kutoka kundi jingine. Wala haionyeshi alama za vidole na mioyo walizoweka wengine chini yake. Kwa hiyo kaa na simu mkononi, pitia mazungumzo ya vipindi utakavyochagua, na uandike katika jedwali: namba ya odio, inajibu namba gani, imerushwa au la, imepata alama ngapi. Bila safu ya "inajibu" utafikiri watu wanaongea kila mmoja na ukuta wake, kumbe mama mmoja amejibu leo asubuhi neno la juzi usiku.

Tena, tarehe iliyo katika jina la faili, mfano PTT-20250310-WA0007, ni ya siku simu yako ilipoipokea. Odio iliyorushwa inabeba tarehe ya kurushwa, si ya kusemwa. Na kama kundi limewekwa katika hali ya ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, utakuta mashimo. Yataje katika memwari. Odio za kusikilizwa mara moja tu usizinase kwa simu nyingine. Aliyezituma alionyesha wazi kwamba hataki zibaki.

Ngapi zinatosha

Tupige hesabu. Odio 1,400, tuseme kila moja sekunde 40, ni saa 15 na nusu za sauti. Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, na jenereta au soko nyuma, huomba saa 8 hadi 10 za kazi kwa kila saa moja ya sauti. Hizo ni saa 124 hadi 155, yaani jioni 40 hadi 50 za saa tatu tatu, kabla hujachambua hata neno. Hakuna anayekudai hivyo.

Chukua odio 120 hadi 150, kama saa moja na nusu ya sauti. Lakini usizichague kwa kuruka ruka, moja ya Oktoba, moja ya Machi. Mazungumzo ni mnyororo. Ukitoa pete moja, maana inamwagika. Chagua vipindi vitatu na uchukue kila odio iliyo ndani yake: siku za kufunguliwa shule mnamo Septemba, wiki moja kabla ya mitihani, na wiki moja ya kawaida ambayo hakuna jambo. Hiyo ya kawaida wanafunzi wengi huisahau. Bila hiyo, kila kundi la wazazi litaonekana kama uwanja wa ugomvi, kwa kuwa umechukua siku za ugomvi peke yake.

Penye odio ya mtu asiyekubali, acha nafasi na uandike "[odio ya asiyeshiriki, sekunde 34]". Usieleze alisema nini, hata kwa kifupi. Mnyororo uliopoteza zaidi ya theluthi ya odio zake, uache, tafuta mwingine.

Sema pia shule ni ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa katika shule za umma mnamo Septemba 2019, neno "feza" katika kundi la wazazi halina uzito mmoja kila mahali. Mwalimu wa shule ya umma anayeomba mchango na mwalimu wa shule ya binafsi anayekumbusha deni wanaweza kutumia sentensi ileile, lakini hawafanyi jambo moja.

"Batoto" ao "watoto"?

Batoto. Andika kile sikio limesikia.

Wewe unachunguza mawasiliano ya watu wa Lubumbashi, na hicho ndicho Kiswahili wanachowasiliana nacho. Mji ulianza mwaka 1910, ukakusanya wafanyakazi wa migodi na wa reli kutoka pande nyingi, na Kiswahili kikakua humo kando ya Kiluba, Kibemba na lugha nyingine, juu yake Kifaransa cha ofisi na cha shule. Kina kanuni zake. Wingi wa watu ni ba-. Husema "muntu", "kintu" na "bintu". Siku ni "shiku". "Niko mwalimu" inakanushwa "haina mwalimu". Mtoto mdogo ni "kamutoto", wakiwa wengi ni "tutoto". Sababu inatangulizwa na "juu". Anayesema hivyo hajakosea kitu, anafuata kanuni ambayo jirani yake pia anaifuata, na ndiyo maana wanaelewana.

Msimamizi wako mheshimu, usibishane naye kwa maneno matupu. Mpelekee ukurasa mmoja wenye kauli moja iliyoandikwa kwa namna mbili, pembeni kwa pembeni. Huu ni mfano niliotunga mwenyewe, si sauti ya mtu:

"Bonsoir ba-parents. Kesho batoto bote bakuye na cahier ya calcul, juu tutafanya interro. Donc mutoto mwenye atakosa cahier, mama yake anijulishe leo."

Ukiirekebisha inakuwa: "Habari za jioni, wazazi. Kesho watoto wote waje na daftari la hesabu, kwa sababu tutafanya jaribio. Kwa hiyo mtoto atakayekosa daftari, mama yake anijulishe leo."

Habari imebaki, mwalimu amepotea. Katika ile ya kwanza tunaona kwamba vitu vya darasani (cahier, calcul, interro) vinatajwa kwa lugha ya darasani, kwamba wito kwa watoto na kwa mama uko katika Kiswahili cha nyumbani, na kwamba "donc" inasimama kama kengele: sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi yenu. Ya pili haina hata kimoja cha hivyo. Ukinyoosha lugha, umefuta data yako kwa mkono wako mwenyewe. Msimamizi akiona hayo mawili kwa macho, mara nyingi mjadala unaisha.

Na hujaanza wewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa mashine historia ya mji huu, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) kama kilivyosemwa. Johannes Fabian alipoitoa mwaka 1990, ugumu ulikuwa kujua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Kalundi Mango aliyasoma maandishi yale kwa sauti, na usomaji wake ndio uliofungua maana. Nakukumbusha hilo kwa sababu linakupa njia ya kazi: ukimaliza ukurasa mmoja, mpe mtu wa Katuba au Kamalondo, komini nyingine za mji, ausome kwa sauti bila kusikia odio. Akisoma akakwama mahali, hapo uandishi wako ndio wenye kasoro. Lakini mtu huyo awe nje ya kundi, na majina yawe yamekwisha kufichwa.

Jioni inakwisha kwa dakika mbili kwa sababu kila neno unaliamulia upya. Fungua daftari la maamuzi, uandike tarehe na kila kanuni unayoiweka, kisha usirudi nyuma. Hizi za kuanzia nakupa:

Neno la Kifaransa libaki na tahajia ya Kifaransa. Likivaa kiambishi cha Kiswahili, weka kistari: ba-parents, ka-problème. Maneno yaliyokwisha kuzoea, kama biro (ofisi) na kalasi (darasa), yaandike Kiswahili. Yaliyo katikati (cahier au kaye?) chagua moja kwa kila neno na uitunze hadi mwisho, hata kama baadaye utaona nyingine ni nzuri zaidi, usipofanya hivyo, siku ya kuhesabu kompyuta itakuonyesha maneno mawili.

Namba ziandike kwa maneno kama zilivyosemwa. Hili linaponza wengi. Mama mmoja anasema "dix mille", mwingine "elfu kumi", na mwanafunzi anaandika 10,000 FC kwa wote wawili. Hapo hapo amepoteza mahali ambapo Kifaransa kinaingia kwa nguvu zaidi, maana bei, tarehe na saa ndivyo vitu ambavyo watu wengi mjini huvitaja kwa Kifaransa hata katikati ya Kiswahili.

Kituo kifupi weka (.), kituo kirefu weka sekunde zake, mfano (1.5). Herufi iliyovutwa weka nukta mbili: "pole:: sana". Kicheko, kikohozi, mlango, muziki, viwe katika mabano ya mraba. Usichosikia baada ya kurudia mara tatu, andika [xxx], songa mbele. Alama za vituo na za herufi iliyovutwa zimetoka kwa zile za Gail Jefferson, ambazo hutumiwa na wachunguzi wa mazungumzo. Zile za watu wanaoongea kwa wakati mmoja huzihitaji, kwa kuwa katika odio hakuna anayemkatiza mwenzake. Lifikirie hilo unapochambua: anayetuma odio anaongea peke yake hadi mwisho, bila "eeh" ya kumwitikia. Ndiyo sababu utasikia watu wakijiitikia wenyewe, au wakirudia ombi mara mbili tatu. Ukilihukumu kama kujirudia bure, umeukosa mchezo wote.

Mtu akiachia kidole katikati ya sentensi na odio inayofuata ikaendelea ndani ya dakika moja, zihesabu kama kauli moja, uweke mstari | mahali pa mkato.

Vifaa

ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya huko Nijmegen, inakufaa kuliko Word: kila sentensi inafungwa na sekunde zake, hivyo baada ya miezi mitatu unabonyeza sentensi na kuisikia tena. Inapenda sauti za WAV. Geuza kwa programu ya ffmpeg, mstari mmoja tu (S07_003 ni mfano wa jina la odio, weka la kwako):

ffmpeg -i S07_003.opus -ar 16000 -ac 1 S07_003.wav

Dakika moja inakuwa kama megabaiti 2, saa moja na nusu haifiki 180. Kompyuta ya kawaida inabeba. Opus ya mwanzo usiifute. Washa kuhifadhi kwa kujiendesha ndani ya ELAN kila dakika moja, maana bila hivyo, umeme ukikatika utarudi nyuma saa nzima. Uwe na nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyingine nyumba nyingine, zote zikiwa na neno la siri.

Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, kama Whisper, zinakijua Kiswahili, lakini si hiki. Itasikia "batoto" iandike "watoto", itatafuta Kiswahili ndani ya Kifaransa, na penye ukimya au kelele inaweza kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kibaya zaidi ni kwamba inaandika vizuri, bila kusita, na jicho lililochoka linaiamini. Kusahihisha kosa linalofanana na ukweli ni kazi ndefu kuliko kuandika mwenyewe. Na huduma za aina hiyo zilizo mtandaoni usizipe odio hizi kabisa: uliwaambia wazazi watu gani watasikiliza, na kampuni ya mbali haikuwemo.

Kuweka alama za lugha

Katika ELAN fungua mistari minne kwa kila odio: maneno, lugha, kazi ya kauli (kuomba, kukumbusha, kulaumu, kushukuru, kubariki...), na sauti za nyuma. Tafsiri ya Kifaransa iache mwisho, kwa dondoo 25 au 30 tu utakazoziweka katika memwari.

Kwenye mstari wa lugha wengi huweka alama mbili, Kiswahili na Kifaransa, wakahesabu asilimia, wakamaliza. Lubumbashi haikubali alama mbili. Watu wenyewe wanatofautisha Kiswahili cha mjini na "Kiswahili bora", kile cha kanisani, cha hotuba, cha redio. Mwalimu anayefungua na "Ndugu wazazi" kisha akateremka kwenye "ba-parents" amebadilisha lugha bila kugusa Kifaransa. Kwa hiyo weka alama KL kwa Kiswahili cha Lubumbashi, KB kwa Kiswahili bora, F kwa Kifaransa. Kisha ya nne, V, kwa viungo: mais, donc, et puis, bon, alors. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996 juu ya Kiswahili cha Shaba (jina la zamani la Katanga, jimbo la Lubumbashi), alionyesha kwamba viungo hivi vya Kifaransa vinapanga mazungumzo, vikijitokeza kwa sababu havifanani na Kiswahili kinachovizunguka. Ukivihesabu kama F, mama asiyejua Kifaransa ataonekana msemaji wa lugha mbili kwa sababu ya "mais" kumi na nne.

Neno likiwa na mashaka, liwekee alama ya kuuliza, usilazimishe. Baada ya wiki mbili rudia odio 20 bila kutazama alama za kwanza. Ukipishana na nafsi yako zaidi ya mara moja katika kumi, kanuni yako haijakaa sawa. Ni vizuri zaidi mwanafunzi mwenzako aliyepata ruhusa ya wazazi aweke alama kwenye odio hizo hizo. Penye tofauti, zungumzeni, kwa kuwa mara nyingi penye tofauti ndipo pana jambo la kuandika.

Sasa uliza maswali yanayostahili: ni nani anayepanda hadi Kiswahili bora, na anapofanya kazi gani? Lawama inakuja kwa lugha ipi, na pole inakuja kwa ipi? Mzazi anamjibu mwalimu katika lugha aliyoulizwa, au anaivuta kwake? Sheria ya elimu ya taifa namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi darasani; lakini shule inapoongea na mzazi usiku, kwa simu, inaamua yenyewe. Hapo ndipo memwari yako ina jambo jipya la kusema.

Usijibu kwa kubahatisha nia za watu. Chagua watu sita, keti na kila mmoja, msikilize pamoja odio yake mwenyewe, umuulize "hapa ulitaka kusema nini?" Ongeza wengine wanne ambao hawatumi odio hata siku moja. Kimya chao ni sehemu ya mawasiliano ya kundi: wengine hawana mega (data za intaneti), wengine wanasikiliza usiku wakiwa wamechoka, wengine wanaogopa Kifaransa chao kuchekwa. Odio hazitakuambia hilo.

Kuficha majina

Kubadilisha "Mama Fulani" kuwa "Mama Mwingine" hakutoshi. Mjini mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo jina moja linafichua watu wawili. Lakini usilifute likawa "M7" tupu, kwa maana kumwita mtu kwa jina la mtoto ni heshima na ni data. Andika "Mama [mtoto 4]". Avenyu, jina la parokia, kazi ya baba, kiasi kamili cha deni: vibadilishe vyote kwa vitu vya aina yake. Orodha inayounganisha namba na majina iandike kwenye karatasi, uitunze mbali na kompyuta. Siku ya utetezi usipige odio hata moja mbele ya watu, hata msimamizi akikuomba. Ukumbini anaweza kuwemo jirani wa mmoja wao.

Tafsiri ya Kifaransa nayo ifanye kwa mkono mwepesi. Weka maneno ya asili juu, tafsiri chini, na maneno yaliyosemwa kwa Kifaransa yaandike kwa herufi za kulala ili msomaji aone yalikuwa Kifaransa tangu mwanzo. "Juu" itafsiri kwa "parce que" ya kawaida, usiipandishe ikawa "étant donné que". Mama wa soko la Kenya akisomeka kama notari, umemvalisha koti la mtu mwingine.

Ukimaliza, kabla ya kufuta odio kwa tarehe uliyowaahidi, rudi katika kundi na odio moja ya dakika tatu, kwa Kiswahili chao, uwaambie ulichokiona. Isizidi hapo, mega zinagharimu. Watakujibu, na baadhi watakukosoa. Hayo majibu usiyatumie bila kuomba ruhusa upya.